Ukiondolewa kizazi, uliza kilichotolewa na kilichobaki

Mwalimu wa Mabatini (mleta uzi)

Wanajamvi, salamu kwenu nyote. Nimesoma maswali mengi ya watu wanaotaka kujua kama mwanamke anaweza kuishi vizuri bila kizazi, na majibu mengi niliyoyaona yametolewa na watu ambao hawajawahi kulala juu ya kitanda cha upasuaji. Mimi nimelala. Ni mwalimu wa sekondari, nina umri wa miaka 44 na watoto watatu, ninaishi Mabatini hapa Mwanza, na huu ni mwezi wa tano tangu kizazi changu kitolewe. Nitaeleza tangu mwanzo, ila msomaji mwenye haraka aende kwenye habari ya karatasi ya kuruhusiwa, kwa kuwa ndiyo iliyonifanya nifungue uzi huu.

Kwa miaka minne hedhi yangu ilikuwa nzito kiasi kwamba nilipanga kazi zangu kwa kufuata siku za damu. Siku ya pili na ya tatu sikuvaa nguo ya rangi hafifu, nilibeba kanga mbili kwenye mkoba, na nilifundisha nikiwa nimeketi ili wanafunzi wasione namna ninavyonyanyuka kwa tahadhari. Nilikunywa kila nilichoelekezwa: juisi ya rozela, maji ya mlonge, na mizizi iliyoletwa kutoka Magu ambayo mpaka leo siijui jina. Hakuna kilichopunguza chochote. Jioni moja nilikuwa ninapanda ngazi za mawe kwenda nyumbani, na anayeishi kwenye vilima vyetu anajua zilivyo, nikalazimika kuketi mara tatu kabla ya kuufikia mlango. Mtoto wa jirani aliyekuwa amejitwisha ndoo alinipita, akateremka, akanikuta palepale, akanipita tena.

Kesho yake nilipimwa, na wingi wa damu ulikuwa 6.1, wakati mwanamke mzima asiye mjamzito anatarajiwa kuwa na 12 au zaidi. Utrasaundi ilionyesha vimbe kadhaa kwenye ukuta wa kizazi, na daktari akasema kizazi kimefikia ukubwa wa mimba ya wiki 18. Alinieleza njia zilizopo: vidonge vya kupunguza damu, kitanzi chenye homoni ambacho huenda kisifanye kazi vizuri kwenye kizazi kilichoharibika umbo namna ile, kutoa vimbe peke yake na kukiacha kizazi, au kukitoa kizazi chote. Alinitahadharisha pia kwamba vimbe vikitolewa peke yake vinaweza kuota vingine. Mimi nilikuwa nimemaliza kuzaa na nimechoka. Nilichagua kizazi kitolewe, na ninalisema hili wazi kwa sababu wapo ndugu wanaoamini kwamba nililazimishwa.

Sikupasuliwa siku zilezile. Niliongezewa chupa mbili za damu, na ndugu zangu wawili walikwenda kuchangia ili kurudishia zilizotumika, kisha nikanywa vidonge vya madini ya chuma kwa miezi miwili. Muuguzi alinikataza kuvimeza pamoja na chai, kwa kuwa chai huzuia mwili kuyafyonza madini hayo, akanishauri nivimeze na maji ya machungwa. Hata vile nilivyowahi kunywa miaka ya nyuma nilikuwa nikivisindikiza na chai ya maziwa kila asubuhi. Nilipofika 10.8 nikapangiwa tarehe.

Upasuaji wenyewe sina mengi ya kuusimulia, kwa sababu nilipewa nusu kaputi na nikaamka tayari nimeshonwa, mkato ukiwa umeshuka kutoka chini ya kitovu. Ninachokumbuka ni kiu, mpira wa mkojo, na swali moja lililoulizwa kila baada ya saa chache kwa heshima zote: "Mama, umejamba?" Katika wodi ile hilo lilikuwa swali la kitaalamu, maana upepo ukitoka ni dalili kwamba utumbo umeamka. Mama wa kitanda cha pili alipofanikiwa usiku wa manane, wodi nzima ilimpongeza. Siku ya kwanza tu baada ya upasuaji nililazimishwa kusimama na kutembea hatua chache ili damu isigande miguuni. Niliambiwa nikitaka kukohoa nikumbatie mto na kuubana kwenye mshono, na ushauri huo ulinifaa kuliko dawa nyingi.

Siku ya nne nikaruhusiwa. Daktari wa zamu alipita akiwa na haraka, akasema, "Umekwenda vizuri, mwalimu, tuonane baada ya wiki sita," akasaini karatasi. Nilisoma jina langu, tarehe na majina ya dawa. Katikati kulikuwa na herufi tatu, TAH, kisha alama ya kujumlisha, kisha herufi nyingine tatu, BSO. Sikuuliza. Mimi ambaye huwagombeza wanafunzi kwa kunakili wasichokielewa, niliikunja karatasi ile mara nne nikaitia kwenye pochi.

Usiku wa kumi na moja niliamka nikiwa nimelowa jasho kama niliyemwagiwa maji, moto ukipanda kutoka kifuani hadi usoni, kisha baridi. Hapa kwetu kando ya ziwa mtu akitokwa na jasho usiku, nyumba nzima inasema malaria. Nikapimwa, haikuwepo. Nikaambiwa huenda ni taifodi, nikauziwa vidonge. Jasho liliendelea, usingizi ukakatika, nikawa ninalia kwa mambo madogo kama chumvi kuzidi kwenye mboga. Wifi yangu aliyekuja kuniuguza akaanza kuniombea kwa sauti.

Wiki ya sita daktari mwingine, si yule aliyenipasua, aliifungua ile karatasi na kuniuliza kama nimeanza kupata joto la ghafla. Nikamuuliza amejuaje. Akanionyesha zile herufi: tatu za kwanza maana yake ni kwamba kizazi chote pamoja na shingo yake kimetolewa kupitia tumboni, na tatu za pili maana yake ni kwamba mirija na ovari zote mbili nazo zimetolewa. Ovari ya kushoto ilikuwa na uvimbe wa maji ulioshikamana na utumbo, na ya kulia nayo ilionekana haiko sawa. Kwa hiyo sikuwa na malaria wala taifodi. Nilikuwa nimeingia ukomo wa hedhi ndani ya siku moja, jambo ambalo kwa wanawake wengi huja polepole kwa miaka.

Sitaki nieleweke vibaya, na ndiyo maana sitaji hospitali. Fomu ya ridhaa niliyosaini ilimruhusu daktari kutoa kingine chochote atakachokikuta kibaya, na ninaamini alikuwa na sababu za kweli. Majibu ya maabara yalionyesha hakuna saratani, nikashukuru. Kinachoniuma ni kwamba kwa wiki sita nilitembea na mwili nisioujua, nikimeza dawa za taifodi, wakati maelezo yote yalikuwa kwenye pochi yangu kwa lugha ya mkato.

Karibuni kwa maswali.

Binti wa Nansio

Dada mwalimu, pole sana na asante kwa kuandika kwa uwazi. Mimi nina miaka 38, nina mtoto mmoja, ninaishi Ukerewe, na nimepewa rufaa ya kuja Mwanza kwa tatizo linalofanana na lako. Daktari wa kwanza amesema kizazi kitolewe. Sijui kama nimemaliza kuzaa au la, maana mume wangu na mimi hatujawahi kulizungumza jambo hili tukalimaliza. Je, kuna ubaya nikimwambia daktari kwamba ninataka vimbe vitolewe kizazi kibaki? Vilevile ninaomba unieleze ulivyoishi wiki za mwanzo nyumbani, kwa sababu mimi natakiwa kurudi kisiwani.

Mwalimu wa Mabatini (mleta uzi)

Mdogo wangu, hakuna ubaya wowote. Mwambie hivyohivyo kabla hujasaini, tena mwambie una miaka 38 na mtoto mmoja, kwa sababu hilo linabadilisha ushauri. Atakueleza kama vimbe vyako viko mahali panaporuhusu. Muulize pia itakuwaje damu ikizidi kutoka wakati wa upasuaji, maana mara chache hulazimu kizazi kitolewe ili kuokoa uhai hata kama mpango ulikuwa kukiacha. Ni afadhali ulisikie hilo ukiwa umekaa kwenye kiti kuliko ukiwa unaamka kutoka kwenye dawa.

Kuhusu nyumbani, nitakuambia lililonishinda, nalo ni maji. Wengine watakutisha kwa habari za chakula, lakini chakula hakikuwa tatizo. Nilikula sato wa mchuzi, mchicha, maini na papai kwa wingi, kwa sababu choo kigumu kinakufanya ujikamue na mshono unaadhibiwa. Maji ndiyo shida. Bomba letu kule juu hutoa maji kwa zamu, mara nyingi usiku, na kila nyumba hujaza madumu kwa mkupuo. Daktari alikuwa amenikataza kuinua kitu kizito kuliko birika lililojaa kwa wiki sita, kwa maelezo kwamba ngozi inaonekana imepona mapema lakini nyama za ndani bado hazijashikana. Wifi yangu alitoka Sengerema, akavuka daraja kutoka Busisi hadi Kigongo akiwa na begi moja na gunia la michembe, akakaa nami wiki tatu. Alibeba maji yote.

Alipoondoka tu, siku ya 24, bomba likatoa maji saa saba usiku. Watoto walikuwa wamelala na niliona uvivu kuwaamsha, nikasema dumu moja haliniui, tena nitalijaza nusu. Nililiinua hatua sita. Nilihisi kitu kikivuta chini ya kitovu kama uzi unaokazwa, na asubuhi nikaona damu mbichi kwenye taulo ya kike, wakati ilikuwa imekwisha kabisa. Nilirudi hospitali kwa bajaji, nikakaguliwa, nikaambiwa nina bahati kwamba nyuzi za ndani hazijaachia. Tangu siku hiyo niliwaamsha watoto bila huruma.

Kwa hiyo kabla hujapanga siku ya upasuaji, panga mtu wa maji. Kisha usiharakishe kurudi Ukerewe. Kaa Mwanza kwa ndugu angalau mpaka nyuzi za nje zitolewe na ukaguliwe, kwa sababu ukipata homa au damu nyingi usiku ukiwa kisiwani, utaisubiri meli mpaka asubuhi. Ukiruhusiwa kusafiri, meli inayoondoka bandari ya Mwanza Kaskazini ni nafuu kuliko kuzunguka Bunda hadi kivuko cha Kisorya, maana kwenye gari ndefu mshono unahesabu kila shimo. Bodaboda usiiguse.

Mama wa Wodi Namba Tano

Ninaomba kuongeza machache kama muuguzi mstaafu niliyefanya kazi wodi za wanawake hapa Kanda ya Ziwa. Mwalimu amesema vyema, ila kuna jambo linalochanganya wengi: si kila anayeondolewa kizazi huondolewa shingo ya kizazi. Wapo wanaobakishiwa shingo, na hao wanapaswa kuendelea na uchunguzi wa saratani ya shingo ya kizazi kama wanawake wengine. Nimewaona wanawake walioacha kliniki kwa kuamini kwamba hawana tena cha kupimwa, kumbe shingo ipo. Mwenye kutolewa vyote kwa sababu ya vimbe, na ambaye hakuwahi kuonekana na chembechembe zenye mashaka, kwa kawaida haendelei na uchunguzi huo, ila na asikie hivyo kutoka kwa daktari wake.

Ovari nazo zina hesabu yake. Zikibaki, mwanamke hapati tena hedhi lakini homoni zinaendelea, na mayai yanayokomaa hunyauka yakafyonzwa na mwili. Hayajazani tumboni kama inavyosemwa mitaani. Zikitolewa zote kabla ya umri wa kawaida wa kukoma hedhi, yaani karibu na miaka 50, mwili unakosa estrojeni ghafla, na matokeo yake ni zaidi ya jasho, kwani mifupa na moyo pia huathirika. Mwanamke wa miaka 44 aliyetolewa ovari zote anastahili kuzungumza na daktari kuhusu vidonge vya homoni, na asiye na kizazi kwa kawaida hupewa estrojeni peke yake. Wapo wasioruhusiwa, kwa mfano waliowahi kuugua saratani ya matiti au kupata damu iliyoganda, ndiyo maana haifai kununua dukani kwa kumwiga jirani.

Dada wa Nansio, baada ya upasuaji kutokwa na majimaji ya rangi ya kahawia au damu kidogo kwa wiki kadhaa si ajabu. Lakini ukiona damu inalowesha taulo nzima kwa saa moja, homa, majimaji yenye harufu mbaya, mshono unaotoa usaha, mkojo unaovuja bila kuuzuia, mguu mmoja uliovimba na kuuma, au pumzi kuwa fupi na kifua kuuma, usisubiri siku ya kliniki. Hilo la mkojo ninalisisitiza kwa sababu wanawake wetu hulificha kwa aibu, na linatibika.

Mzee wa Pasiansi

Ninaomba radhi kuingia kwenye mazungumzo ya akina mama, lakini mke wangu alifanyiwa upasuaji huu miezi mitatu iliyopita na sina wa kumuuliza. Nyumbani kwetu mama yangu mzazi anasema mwanamke asiye na kizazi ni nyumba isiyo na mlango, na ananishauri nitazame kwingine. Mke wangu amesikia. Tangu hapo tunalala kila mtu amegeukia ukuta wake. Sitaki kuoa mwingine. Ninataka kujua kama unyumba unarudi, na kama nitamuumiza.

Mama wa Wodi Namba Tano

Baba, umefanya vema kuuliza. Uke hauondolewi. Kizazi na shingo vikitolewa, sehemu ya juu ya uke hushonwa ikafungwa, na nafasi iliyobaki tumboni hujazwa na utumbo unaojipanga upya. Ndiyo maana watu huzuiwa tendo la ndoa kwa wiki sita hadi nane na mpaka daktari akague, ili mshono ule wa ndani ukauke. Miezi mitatu, kama amekaguliwa na hana maumivu, inatosha. Kama ovari zake zilitolewa anaweza kuwa na ukavu, na hilo lina vilainishi na dawa zake. Wanawake wengi waliokuwa wakivuja damu wiki mbili kila mwezi husema unyumba wao umekuwa bora kuliko zamani, kwa kuwa maumivu na hofu ya kuchafua shuka vimekwisha.

Ila hilo la ukuta si la daktari. Aliyesikia maneno ya mama mkwe anahitaji kuyasikia maneno yako wewe, kwa mdomo wako, mama yako akiwepo kama unaweza.

Mama Kulwa wa Igombe

Mimi nilitolewa kizazi nikiwa na miaka 27, usiku wa kuwazaa mapacha wangu. Kizazi kilikataa kujikaza, damu ikawa haisimami, na mume wangu ndiye aliyesaini. Niliambiwa kesho yake mchana, watoto wakiwa pembeni yangu. Ovari zilibaki, kwa hiyo sikupata hilo joto la mwalimu. Mwili wangu ulipona ndani ya miezi miwili, na nilirudi kuanika dagaa kama kawaida.

Ninaandika kwa sababu kila aliyekuja kuniona alisema, "Mshukuru Mungu uko hai, tena umepata wawili kwa mpigo." Nilishukuru, na ninashukuru. Lakini hakuna hata mmoja aliyenipa pole ya kizazi. Nilikuwa na miaka 27 na nilitaka watoto watano. Mwaka mzima nilinunua taulo za kike kila mwisho wa mwezi nikaziweka kabatini, kisha nikawa ninamgawia mdogo wangu. Mwalimu, umenifanya niliseme hili kwa mara ya kwanza.

Mwalimu wa Mabatini (mleta uzi)

Mayu Kulwa, pole sana ya kizazi. Ninakuandikia hivyo kwa makusudi.

Mimi nilichagua na bado siku moja nilijikuta ninalia nilipoikuta kanga yangu ya damu, ile ya kubeba kwenye mkoba, imefuliwa na kukunjwa. Wewe hukupewa hata nafasi ya kuchagua. Kama yupo anayekuhesabia miaka na kukuambia huzuni ingekuwa imekwisha, mwache ahesabu peke yake.

Kwa wanaouliza hali yangu ya sasa: nilianzishiwa estrojeni baada ya vipimo, jasho limepungua kutoka kila usiku hadi mara moja au mbili kwa wiki, na wingi wa damu ni 12.4. Nilirejea darasani wiki ya tisa. Ngazi za nyumbani ninazipanda bila kuketi, ingawa bado ninasimama kwenye jiwe la katikati kutazama ziwa, kwa tabia tu.

Binti wa Nansio

Ninarudi kutoa mrejesho. Jana nimeonana na daktari bingwa. Nilikwenda na mume wangu, na nilikuwa nimeandika maswali kwenye daftari la mtoto kwa sababu nilijua nikifika nitayasahau. Tulijadiliana kwa muda mrefu, hata muuguzi akaja kuchungulia mlangoni mara mbili. Kwa upande wetu tumekubaliana kwamba vimbe vitolewe na kizazi kibaki, kwa kuwa vikubwa viwili vimekaa upande wa nje. Daktari amesema hawezi kuahidi kwa asilimia mia, na amenieleza ni wakati gani angelazimika kukitoa.

Kisha nikamwomba aandike kwa Kiswahili. Alicheka kidogo, akachukua kalamu, akaandika chini ya fomu: "Kizazi kibaki isipokuwa uhai ukiwa hatarini. Ovari zisiguswe bila sababu ya ugonjwa. Mgonjwa aelezwe akiamka." Mume wangu ameipiga picha kwa simu yake na mimi kwa yangu.

Damu yangu ni 9.2, kwa hiyo nimepewa vidonge na nitarudi baada ya mwezi. Nitafikia kwa shangazi Nyakato. Ana bomba ndani ya uwanja, na mwanawe wa kidato cha tatu ameshaambiwa kwamba madumu ni yake.